Mama jurnalie na feza za uzazi: hesabu siku zako, usisikilize jina wanalokuita

Ku Kolwezi, ku Fungurume, ku Likasi na ku Kipushi kuko neno moja lenye kufunga watu kinywa: «Weye uko jurnalie.» Mfanyakazi anaomba konje, anajibiwa neno lile. Anaomba dawa ya mtoto, neno lile. Na mama akileta karatasi ya munganga yenye kusema mimba imefika miezi saba, RH inamwambia: «Mama, weye uko jurnalie. Enda upumuzike, tutakuita.» Halafu telefone hailie tena.

Tunaandika habari hii kwa ajili ya akina mama wenye kufua salopete za wachimbaji, wenye kupika ku kantini, wenye kusafisha vyumba vya kambi, wenye kuandika namba za malori ku bariere, na wale wenye kuendesha mashini kubwa ku kariere. Tunaiandika pia kwa ajili ya akina baba. Sababu jina hili la «jurnalie» likimwangukia baba, ni bibi yake anayekwenda kuzalia kwa feza za deni.

Neno letu ni moja. Jurnalie si jina ambalo patron anampa mtu namna anavyotaka. Sheria ndiyo inasema nani ni jurnalie na nani hapana, na inasema kwa hesabu ya siku. Mama akijua ile hesabu, na feza za uzazi anaweza kuzidai.

Siku 22 ndani ya miezi 2

Sheria ya kazi ya inchi yetu ni namba 015/2002, ya tarehe 16 Oktoba 2002. Ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016 kwa sheria namba 16/010. Vifungu vyenye kutuhusu leo si vingi, na mtu yeyote anaweza kuvishika kichwani.

Cha kwanza ni kifungu cha 40. Kinasema hivi: mtu akiandikwa kazi siku kwa siku, na akiisha kufanya siku 22 ndani ya miezi 2, basi akiitwa tena kazini mbele ya ile miezi 2 kuisha, kontra yake inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Ndiyo ile watu wanaita CDI. Haiombi patron akubali. Haiombi karatasi mpya isainiwe. Siku zenyewe ndizo zimesaini.

Tuhesabu pamoja. Mama anayefanya siku 6 kwa juma anafikisha siku 22 mbele ya juma la nne kuisha. Kama siku inayofuata wamemwita tena, yeye si jurnalie. Na kama amefanya hivyo mwaka mzima, au miaka mitatu, kumuita jurnalie ni kama kumuita mtoto mchanga mtu mwenye ndevu.

Cha pili ni kifungu cha 42. Kama kazi ni ya kila siku ndani ya kampani, kazi isiyoisha, kontra inapaswa kuwa CDI. Tuulize: vyumba vya kambi vinaacha kuchafuka siku gani? Wafanyakazi wanaacha kula siku gani? Kazi ya kufua, kupika na kusafisha mahali ambapo watu wanalala mwaka mzima, si kazi ya kupita.

Cha tatu ni kifungu cha 41. Wengine hawaitwe jurnalie, wanapewa CDD, kontra yenye mwisho, moja nyuma ya ingine. Sheria inakataza mtu mmoja kupewa na patron mmoja CDD zaidi ya mbili, na CDD moja haiwezi kurudishwa zaidi ya mara moja. Kuko kazi chache zilizotengwa, kama kazi za musimu ao kazi yenye kujulikana wazi mwisho wake. Nje ya zile, mtu akiendelea kufanya kazi, kontra imegeuka CDI yenyewe. Kwa hiyo mama mwenye mimba akiambiwa «CDD yako imeisha», ulizo la kwanza ni hili: hii ilikuwa ya ngapi?

Cha ine: hakuna karatasi? Kukosa karatasi hakumsaidie patron. Sheria inasema kontra inapaswa kuandikwa. Isipoandikwa, inahesabiwa kuwa ni ya muda usio na mwisho, mpaka patron aonyeshe kinyume. Na mfanyakazi anaweza kuhakikisha kazi yake kwa njia zote: mashahidi, baji, mesaji za malipo, picha.

Mama wa Kolwezi na kaye yake

Kwa miezi mingi tulifuata kesi ya mama mmoja wa Kolwezi. Jina lake hatulitaje, na jina la kampani vilevile, sababu kesi haijaisha. Alikuwa anasafisha vyumba vya kambi ya mgodi mmoja mkubwa, lakini si mgodi uliomlipa. Alikuwa chini ya kampani ndogo ya sutretansi. Dola 10 kwa siku, siku 6 kwa juma, malipo kila majuma mawili kwa telefone. Kila mwisho wa mwezi anasaini fishi. Ile fishi hakupewa kopi hata siku moja. Aliendelea hivyo karibu miaka mitatu.

Mimba ilipofika miezi saba, shefu wa timu alimwambia arudi kwao «kwanza». Alizaa mtoto muke, salama. Majuma sita baadaye alirudi ku bariere: baji imefungwa. RH ikamwambia feza za uzazi ni za wale wenye kontra, na yeye jurnalie mahali pake pameisha kupewa mwingine.

Delege mmoja wa sindika, jirani yake, ndiye alimsukuma ende ku Inspection ya kazi. Yule mama alijibu kwamba hana karatasi. Delege akamwambia alete kila kitu chenye kuandikwa kitu juu yake. Akamwaga saki yake ku meza: baji yenye tarehe ilipotolewa, karte ya mafundisho ya usalama ambayo kila mtu anapewa mbele ya kuingia ku mgodi, mesaji za malipo zilizobaki ndani ya telefone, picha moja na wenzake wote wamevaa iniforme yenye jina la kampani, karte ya materinite. Na kaye moja ya shule, imejaa vijiti.

Vile vijiti vilikuwa siku zake za kazi. Kila jioni, kijiti kimoja. Tulimuuliza kama alijua siku moja atafika kwa inspekta. Akacheka.

«Apana. Nilikuwa naandika juu shefu wa timu alikuwa ananiiba siku. Unafanya kumi na tatu, analipa kumi na moja. Kaye njo ilikuwa inasema na yeye.»

Mbele ya inspekta, mtu wa kampani alisema walikuwa wanamwita paka wakati kazi iko. Inspekta akafungua kaye, akalinganisha vijiti na mesaji za malipo. Mwezi kwa mwezi vilikuwa vinakubaliana, na kila mwezi ulikuwa na siku zaidi ya 22. Akaomba pia orodha ya wale waliopita ku bariere, sababu baji inaacha alama kila inapofungua mlango. Mtu wa kampani aliomba juma moja ya kuileta. Juma ilipita, orodha haikuja, lakini kampani ilikuja na maneno mengine: tulipe uzazi, ya kontra tuiache.

Ndivyo ilivyoandikwa ndani ya PV. Feza za uzazi: wamesikilizana, na zililipwa kwa mara mbili. Kontra: hawakusikilizana. Ile sehemu ya pili imekwenda ku tribinali ya kazi, na mama yuko anangojea. Kazini hajarudi.

«Feza nilipata, aksanti kwa Mungu,» anasema. «Lakini ile karatasi yenye kusema miye ni mufanyakazi wa pale, ile njo nataka. Mimba ingine inaweza kuja. Na hata bila mimba, mutu anazeeka.»

Majuma 14 na sehemu mbili za tatu

Feza alizopata zilihesabiwa namna gani? Kwa kifungu cha 130. Mwanamuke mwenye kufanya kazi ya mushahara iko na haki ya kusimamisha kazi majuma 14 yenye kufuatana kwa ajili ya kuzaa: 6 mbele ya kuzaa, na 8 nyuma. Wakati ule wote analipwa sehemu mbili za tatu za malipo yake. Vile vitu alivyokuwa anapata kwa kontra, kama matunzo ya munganga, vinaendelea. Na ndani ya ile majuma 14, patron hawezi kuvunja kontra.

Kwa yule mama: dola 10 mara siku 6 ni dola 60 kwa juma. Mara majuma 14 ni dola 840. Sehemu mbili za tatu ni dola 560. Kwa kampani yenye malori ku barabara ya Kolwezi, ni feza kidogo. Kwa nyumba yenye mtoto mchanga, ni unga, makala, kodi ya nyumba na deni la materinite.

Sheria inaongeza maneno manne ambayo familia nyingi hazijayasikia.

La kwanza ni zito kusema, lakini lisemwe: haki hii inabaki, mtoto akiwa hai ao akifariki. Kuko akina mama ambao walizika mtoto, halafu wakarudishwa kazini siku ya kumi kwa sababu «hakuna tena mtu wa kunyonyesha». Sheria haiseme hivyo. Mwili umezaa, majuma ni yake.

La pili: mwenye kunyonyesha iko na mapumziko mawili ya nusu saa kila siku, na yanalipwa kama kazi.

La tatu: mimba, kuzaa na matokeo yake si sababu halali ya kufukuza mtu. Kukosa kazini juu ya konje ya uzazi vilevile.

La ine: ni marufuku kuomba mwanamuke mwenye kutafuta kazi afanye tesiti ya mimba, isipokuwa kwa kazi zile ambazo zimekatazwa kwa mwenye mimba ao zenye hatari ya kweli kwa mama na mtoto. Kupanga vitabu ku biro na kupika sombe ku kantini si kazi za namna hiyo.

Kontra fupi, kontra ndefu, tena kontra fupi

Wazee wetu wa Haut-Katanga na Lualaba wanajua kwamba habari ya kontra na kuzaa haikuanza leo. Union Minière ilizaliwa mwaka 1906. Mwanzoni ilikuwa inachukua wanaume kutoka mbali kwa miezi michache, halafu wanarudi kwao ao wanakimbia, ao wanafia kambini. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampani ikabadilisha njia: kontra za miaka 3, mwanaume aruhusiwe kuja na bibi, kambi zijengwe, materinite zifunguliwe, shule zifuate. Haikuwa huruma. Walipiga hesabu, wakaona mwanaume ambaye bibi yake anazaa karibu na mgodi anabaki, na mwenye kubaki anajua kazi.

Tangu mwaka 1967 ni Gécamines iliyoshika ile mali, na njia ile iliendelea. Ndiyo maana wazazi wetu walikuwa wanasema «Gécamines njo baba, njo mama». Baba akiwa na namba yake ya kazi, mama anajua atazalia wapi, na mtoto atasomea wapi. Mambo yalipoharibika, mushahara ukakosa miezi na miezi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ule mpango ulioitwa wa «kuondoka kwa kupenda». Wengi wanasema mpaka leo kupenda kwenyewe hawakukuona.

Sheria ya migodi ya mwaka 2002 ilifungua mlango kwa kampani mpya, na nyuma yao ikaingia sutretansi. Mgodi unatoa soko kwa kampani ndogo, kampani ndogo inatafuta watu, na watu wanaitwa jurnalie. Mwaka 2021, shirika RAID la Uingereza pamoja na CAJJ ya Kolwezi walitoa uchunguzi juu ya migodi mikubwa ya kobalti. Walionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa migodi waliyotazama walikuwa chini ya sutretansi, na mushahara na matunzo yao yalikuwa chini kuliko ya wale wenye kuandikwa na mgodi wenyewe.

Kwa hiyo tumerudi mahali pa kwanza: kontra ya kupita, mtu wa kupita. Tofauti moja iko. Wakati wa kwanza wa Union Minière hakukuwa sheria ya kifungu cha 40. Leo iko.

Patron wa sutretansi anasema nini

Tuwe sawa kwa pande zote. Wenye kampani ndogo nao wako na maneno. Wanasema: mgodi unatupa soko la mwaka mmoja, bei inashuka kila mwaka, na malipo yanachelewa. Tukiandika watu CDI, siku soko likiisha tutawalipa na nini?

Hili ni ulizo la kweli, lakini jibu lake haliwezi kutoka ndani ya tumbo la mama. Soko kati ya mgodi na kampani ndogo ni mapatano yao wawili. Mfanyakazi hakusaini ndani yake. Na kampani yenye kujua kwamba nusu ya wafanyakazi wake wa kambi ni wanawake inajua pia kwamba watazaa. Inaweza kuweka ile hesabu ndani ya bei inayopeleka ku mgodi, namna inavyoweka bei ya sabuni na ya mazuti. Mgodi nao ukichagua kila mwaka yule mwenye bei ya chini kabisa, unajua bei ile ilishushwa na nini.

Kuko kampani ndogo zinazofuata sheria. Wanawake wao wanakwenda konje na wanarudi. Kwa hiyo si jambo lisilowezekana.

Namna ya kuanza, na wakati wa kuanza

Wengi wanapoteza haki juu ya kuchelewa. Sheria iko na saa yake. Mashtaka ya kontra yanakufa nyuma ya miaka 3. Lakini mashtaka ya mushahara yanakufa nyuma ya mwaka 1 tangu siku mushahara ulipaswa kulipwa. Kwa feza za uzazi, usijaribu bahati: jihesabie mwaka 1, na uende mbele yake. Mtoto akianza kutembea na weye bado unangojea kuitwa, saa iko karibu kuisha.

Njia yenyewe iko hivi.

Peleka karatasi ya munganga kwa kampani mapema, na ubaki na kopi yenye kashe, tarehe na saini ya yule aliyepokea. Akikataa kusaini, tuma kwa posta, barua yenye kuonyesha kwamba imepokelewa. Kama huwezi peke yako, delege wa sindika anaweza kukusindikiza.

Andika barua fupi ya kuomba haki yako: siku uliyoanza kazi, kazi unayofanya, siku kwa juma, malipo, tarehe ya kuzaa, na kwamba unaomba majuma 14 ya kifungu cha 130. Usitukane mtu. Barua ya matusi inampa patron habari ingine ya kuzungumza.

Kama hakuna jibu, nenda ku Inspection ya kazi. Usianze na tribinali: tribinali haipokee kesi ya mfanyakazi mmoja na patron wake kama haijapita kwanza kwa inspekta. Inspekta anaita pande mbili na anatafuta masikilizano. Malalamiko yakiisha kuandikwa kwake, ile saa ya mwaka 1 inasimama.

Ku mwisho inspekta anaandika PV. Uisome, ao usomewe, mbele ya kusaini. Ni Kifaransa, kama Kifaransa hakikukae, enda na mtu wako anayekijua. Mkisikilizana sehemu, PV iseme wazi sehemu gani imeisha na gani haijaisha, namna ilivyokuwa kwa yule mama wa Kolwezi. Hamkusikilizana, PV inasema hivyo, na tangu tarehe yake uko na miezi 12 ya kupeleka kesi ku tribinali ya kazi. Mahali ambapo tribinali ya kazi haijawekwa, ni Tribunal de grande instance inayosikiliza.

Angalia pia CNSS. Ile Kasa iko na feza za mimba, za uzazi na za watoto, lakini kwa mfanyakazi ambaye patron amemwandikisha. Enda ku biro yao, uulize kama jina lako liko na kama malipo yanaingia. Kampani ikikuambia «CNSS ndiyo italipa», mwombe RH akuandikie namba yako ku karatasi. Akikosa namba, na inspekta ajue. Kama walikuwa wanakukata feza za CNSS na jina haliko, lile ni shauri lingine, kubwa zaidi.

Na karatasi za «mwisho wa hesabu» ambazo RH inaleta haraka haraka, pamoja na feza kidogo ku mkono? Mama mwenye njaa anasaini, hatumhukumu. Lakini kama unaweza, andika kando ya saini yako «sous réserve», na tarehe. Maneno mawili yale yanasema umepokea feza, hukuacha haki.

Na baba je?

Baba, hesabu ya siku 22 ni yako pia. Mchimbaji, fundi wa umeme, shofere wa lori, mlinzi: sheria ni ile ile. Ukiwa mfanyakazi wa kweli, patron anapaswa kutunza afya yako, ya bibi na ya watoto. Kuzaa kwa bibi kunaingia mule, na weye unapata siku 2 za ruhusa zenye kulipwa. Wanaume wengi wanasema kesi ya uzazi ni ya wanawake. Lakini baba akikubali jina la jurnalie miaka mitano, bibi yake anazaa mara mbili bila materinite ya kampani, na hakuna anayehesabu ile hasara.

Kwa akina mama wenye kuosha na kupanga mawe kwa watu binafsi, shauri ni gumu zaidi, sababu mara nyingi hakuna hata jina la kampani. Lakini sheria inasema kontra ya kazi inaweza kuwa ya kinywa: mtu anafanya kazi chini ya amri ya mwingine, na analipwa. Kama kuko mtu mmoja anayekuita kila siku, anakuonyesha la kufanya na anakulipa, yule ni patron, hata kama biro yake ni parasoli.

Woga tunaujua. Watu wanasema: ukienda ku Inspection, jina lako linaandikwa ku migodi yote, hautapata tena kazi. Hatuwezi kumwambia mtu asiogope wakati watoto wake ndio watakaolala njaa. Tunasema paka hivi: ni ngumu kumtenga mtu mmoja kati ya kumi wenye kuleta malalamiko mamoja siku moja. Wale wenye kusafisha kambi moja, wenye fishi moja na shefu wa timu mmoja, wako na kesi moja.

Na kaye ya shule ku duka haina bei kubwa. Anza leo, hata kama hauna mimba, hata kama patron wako ni mtu muzuri. Andika siku, saa ya kuingia, saa ya kutoka, jina la shefu, feza ulizopokea. Mesaji za malipo usizifute. Telefone ikiharibika zinapotea, basi uzinakili ndani ya kaye ile ile. Uiweke mbali na kazini, kwa mama mkwe ao kwa jirani unayemwamini, mahali ambapo mvua haifike na watoto hawaichane.